Shajara ya viko: kutoka mzizi wa braya hadi kifuu cha nazi

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimeharibu kipande cha kwanza cha mzizi kabla hata sijakipa umbo la kiko. Tundu la hewa lilitakiwa kutokeza chini kabisa ya bori (kikombe cha tumbaku), katikati, kama mfereji unavyoishia kisimani. Langu limechomoza milimita tano juu ya sakafu. Kiko cha namna hiyo hubakiza tumbaku chini ambayo moto hauifikii. Inalowa, inakuwa tope, na mvutaji anaambulia gurugurugu badala ya moshi. Kipande kimeingia kwenye sanduku la makosa. Sanduku lenyewe nimeliandaa asubuhi hii hii, kwa hiyo halikukaa tupu hata saa nne.

Niandike mpango sasa, nisije baadaye nikajidanganya kwamba nilipanga kingine. Nataka kutengeneza viko sita kwa mkono, kila kimoja kifuate jadi yake: cha mzizi wa braya kama vya Ufaransa, cha udongo kama vya Uholanzi na Uingereza, kiseru cha Japani, cha mershamu (jiwe jeupe laini) kama vya Uturuki, cha kibuyu kama vya Afrika Kusini, na cha jiwe jekundu kama vya mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini. Mimi mwenyewe sivuti, na simshawishi mtu avute. Tumbaku inaua, hilo halina mjadala. Kinachonivuta (neno limekuja lenyewe) ni kifaa. Watu walioishi mbali mbali, wenye udongo, miti na mawe tofauti, wote walipewa fumbo moja: moto uko huku, mdomo uko huku, katikati uweke nini ili moshi ufike ukiwa mkavu na umepoa?

Kwa majina sina shida. Kiswahili kilishavigawa viungo vya kiko zamani: bori ni kikombe cha kutilia tumbaku, digali ni mrija unaotoka kwenye bori, shilamu ni ule wa kutilia mdomoni. Maneno haya ni ya kiko cha maji, lakini nitayatumia kwa vyote, kwa sababu sioni haja ya kukopa mengine. Kiko kizima huitwa pia mtemba. Na kiwiko chetu kina jina la pili, kiko cha mkono. Ukikunja mkono ukautazama ubavuni utaona kwa nini.

Wiki ya 1, Ijumaa

Kipande cha pili kimekubali.

Braya si mti wa mbao. Ni kichaka, Erica arborea, kinachoota kando ya Bahari ya Mediterania: Corsica, Calabria, Sardinia, Ugiriki, Algeria. Kinachotumika ni lile nundu gumu lililo kati ya mizizi na shina, ambalo huchukua miongo ya miaka kufikia ukubwa wa maana. Nundu hukatwa vipande, vipande huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu mchungu utoke, kisha hukaushwa polepole, miezi kwa miezi na wakati mwingine miaka. Nundu hilo limeumbwa kuvumilia moto wa porini na ukame, na lina chembe za silika ndani yake. Ndiyo maana ukiwasha tumbaku ndani yake haliungui upesi kama mbao nyingine. Mji wa Saint-Claude, kwenye milima ya Jura, ulikuwa tayari na mafundi wa kukereza waliokuwa wakitengeneza vitu vidogo vya mbao, rozari zikiwemo, kabla braya haijafika kwao katikati ya karne ya 19. Hawakujifunza ufundi mpya. Walibadilisha malighafi tu. Nawaonea wivu.

Kuna matundu matatu na mpangilio wake una maana. La bori, kipenyo milimita 19. La kuingiza ulimi wa shilamu, milimita 8. La hewa, milimita 4. Mara ya kwanza nilitoboa bori, nikakifungua kipande kwenye jiliwa, nikakigeuza, nikakifunga upya na kutoboa hewa kwa kukisia. Safari hii nimechora mstari mmoja ubavuni, nikauzungusha pande zote nne za kipande, kisha tundu la ulimi na la hewa nimeyatoboa bila kulegeza jiliwa katikati. Ncha ya biti ya milimita 4 ikatokeza mahali pake, chini katikati, kama jicho linalochungulia. Nimepuliza vumbi likatoka upande wa pili. Nimepuliza tena bila sababu yoyote.

Mafundi wengi hutoboa kwanza kisha wakachonga kufuata matundu. Sixten Ivarsson wa Denmark, ambaye viko vyake vya mkono vilibadilisha sura ya kazi hii katika karne ya 20, alijulikana kwa kuchonga umbo kwanza akifuata nyuzi za mzizi, halafu akatoboa. Hiyo ni kazi ya mtu asiyetetemeka. Mimi bado.

Wiki ya 2

Tupa, msasa, tupa, msasa. Namba 220, 400, 600, 1000. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa uamuzi wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC. Kwa hiyo barakoa haitoki usoni hata kama jasho linanitiririka hadi kidevuni.

Kwenye ubavu wa kushoto pametokea shimo dogo la mchanga. Mzizi ulipokuwa ukikua ulimeza kijiwe ukakizunguka. Kuna wanaoliziba kwa unga na gundi. Nimeliacha.

Shilamu ni ya eboniti, yaani mpira uliochanganywa na salfa nyingi na kupikwa hadi ukawa mgumu kama pembe. Inachongeka vizuri na meno hayaumii ukiiuma. Ila ina ila: jua na mate huivuta salfa juu ya uso, nyeusi ikageuka kijani cha matope. Nilitaka kuweka pete ya fedha pale shingo inapokutana na shilamu. Nimeghairi, kwa sababu salfa ileile ingeifanya fedha kuwa nyeusi kila wiki. Pete nimeikereza kutoka kipande cha mpingo. Mpingo nao una tabia zake, unamaliza makali ya patasi kana kwamba ni chuma, na vumbi lake huwasha ngozi, lakini ukishapata mng'ao hauhitaji rangi.

Sijapaka vanishi. Mzizi unatakiwa kupumua, vanishi ingetokota na kububujika ukipata joto. Nta ya kanauba tu, nta ngumu ya mmea, kwa kitambaa kinachozunguka. Ndani ya bori hakuna kitu kabisa.

Kiko cha kwanza kimekamilika. Ni kizito upande wa mbele. Kinasimama mezani peke yake, jambo ambalo sikulipanga.

Wiki ya 3, Jumanne

Udongo. Nilidhani hii ndiyo wiki ya kupumzika.

Kiko cha udongo cha Kizungu ni udongo mweupe tu, kipande kimoja kutoka bori hadi mdomoni, chembamba kama penseli. Unausokota udongo kuwa mkia wenye kichwa, unapitisha waya wa chuma katikati ya mkia, unauweka kwenye kalibu ya vipande viwili, unabana, unasukuma kijiti chenye umbo la yai ili kichwa kiwe bori, kisha unausukuma waya hadi utokeze kwenye bori. Kulieleza ni rahisi. Waya wangu umetoka ubavuni mara nne mfululizo. Siri niliyoipata jioni ni kwamba waya hausukumwi kuelekea mbele; waya unashikwa, udongo ndio unaovutwa juu yake kwa vidole, kidogo kidogo, huku kidole gumba cha mkono mwingine kikisikiliza ncha iko wapi chini ya ngozi. Nasema kikisikiliza kwa sababu sijui neno jingine.

Wiki ya 3, Alhamisi

Mashina mawili yamepasuka yakiwa yanakauka. Udongo hunywea unapokauka, na waya haunywei. Niliuacha waya ndani ili shina lisipinde, udongo ukajibana juu yake hadi ukachanika. Waya utoke mapema, udongo ukiwa bado na ubaridi wa maji, halafu shina lilazwe kwenye ubao ulionyooka.

Wiki ya 3, Jumapili

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu leo nimesoma kitu kilichonifanya niyatazame matundu yangu upya.

Mwaka 1954 mwanaakiolojia wa Marekani, J. C. Harrington, aliandika juu ya vipande vya mashina ya viko vya udongo vilivyofukuliwa kwenye makazi ya zamani ya walowezi huko Virginia. Alichukua biti za keekee, akawa anazijaribu moja moja kwenye matundu ili kujua kipenyo kwa sehemu ya 64 ya inchi. Akaona kwamba matundu yalikuwa yakipungua kadiri miaka ilivyopita. Vya kati ya 1620 na 1650 vingi vina tundu la 8/64, yaani kama milimita 3.2. Vya kati ya 1750 na 1800 vingi ni 4/64, nusu ya hapo. Tangu hapo, mchimbaji akikuta rundo la vijiti vyeupe vilivyovunjika anaweza kukisia umri wa makazi kwa biti ya keekee tu.

Na kwa nini yalipungua? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mashina yalirefuka. Shina refu lenye waya mnene lingekuwa zito na dhaifu, basi waya ukawa mwembamba. Bori nazo zilienda kinyume: za mwanzo zilikuwa ndogo kama ncha ya kidole kwa sababu tumbaku ilikuwa ghali mno, ilipokuwa rahisi bori zikanenepa. Bei ya majani ilifinyanga udongo.

Nimekuwa nikitazama picha za viko hivi na kunakili mapambo: maua madogo chini ya bori, alama ya fundi kwenye kisigino. Mjini Gouda, Uholanzi, mafundi walikuwa na chama chao tangu 1660 na alama hizo zililindwa kwa wivu. Lakini ua la mtu wa Gouda kwenye kiko changu linasema nini? Halisemi kitu. Tundu ndilo linalosema. Nimefuta michoro yote ya mapambo ukurasa wa pili wa daftari.

Wiki ya 4

Tanuri lilifika nyuzi 950. Viko sita viliingia, vitatu vimetoka vizima. Tundu la milimita 2.6 limenywea hadi 2.3, hewa inapita bila kulalamika. Ncha nimeichovya kwenye nta, maana udongo uliochomwa hunyonya mate na kung'ang'ania mdomo. Wa zamani walifanya hivyohivyo, au wakaipaka rangi ya kioo.

Kimoja kilichokatika shina kina bori nzuri kupindukia. Nimekitia kwenye sanduku la makosa kwa heshima.

Kwa udongo uliobaki nilijaribu kitu nje ya mpango: bori kubwa yenye uso wa mtu, kwa mfano wa viko vya nyanda za majani za Cameroon, ambako watawala na wakubwa walikuwa na viko virefu, bori zake za udongo au za shaba iliyomiminwa kwenye kalibu ya nta. Mafundi wa Foumban, mji wa Wabamum, wanasifika kwa umiminaji huo hadi leo. Uso niliochonga ulikuwa na mashavu yaliyovimba na macho ya kushangaa. Nikautazama kwa dakika kumi. Kule, sura na wanyama kwenye kiko hueleza cheo cha mwenye nacho. Buibui wa ardhini, kwa mfano, ni mnyama wa kupigia ramli. Uso wangu haukuwa na cheo chochote, ulikuwa unashangaa tu. Nimeufinya ukarudi kuwa donge.

Wiki ya 5

Kiseru. Neno limejitia lenyewe kwenye ngeli ya KI-VI, wala sina nguvu ya kulizuia: kiseru changu, viseru vyao.

Wajapani walijua tumbaku mwishoni mwa karne ya 16, kupitia Wareno. Wakaikata nyembamba kama nywele, na kwa tumbaku ya nywele bori kubwa haina kazi. Bori ya kiseru inabeba kidonge cha tumbaku cha ukubwa wa punje ya njegere. Mvuto mmoja, miwili, mitatu, unakung'uta majivu. Kichwa ni cha metali, ncha ya mdomoni ni ya metali, katikati ni mwanzi. Ule mwanzi unaitwa rao, na kulikuwa na mafundi wa kupita mitaani ambao kazi yao ilikuwa kusafisha viko na kubadilisha mwanzi uliojaa lami. Yaani kifaa kilitengenezwa kikiwa kimeshakubali kwamba sehemu ya katikati itachakaa. Sikuwahi kufikiria kiko kama kitu chenye kiungo cha kubadilisha.

Kwa hiyo sikutia gundi mahali popote. Mwanzi wa sentimita 14, umechongwa ncha zote mbili uingie kwa kubana. Shaba ya njano nimeichoma hadi iwe nyekundu hafifu, nikaitia majini ilainike, nikaipiga juu ya mandrili (kiini cha kupigia) ya chuma hadi ikawa bakuli. Pigo la ishirini na kitu limeipasua. Choma, lainisha, anza tena. Shaba haikasiriki ghafla, inaanza kutoa sauti kavu kabla ya kupasuka, na mimi nilikuwa nasikiliza redio.

Kulehemu: fedha isiyo na risasi wala kadmiamu. Kitu kinachopata moto na kuingia mdomoni hakilehemiwi kwa waya wa kuungia redio.

Wiki ya 6

Sikufanya kitu. Kidole kimeungua.

Wiki ya 7

Mershamu ni jiwe linalodanganya kila kiungo cha mwili. Jicho linasema chokaa, mkono unasema sifongo, na ukilitia majini likiwa kavu linaelea. Kisayansi ni sepioliti, madini ya magnesiamu na silika yenye maji ndani yake, laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama. Bora kuliko yote linatoka Eskişehir, Uturuki, ambako linachimbwa kwenye mashimo marefu likiwa madonge yasiyo na umbo. Wazungu waliliita povu la bahari. Waturuki wenyewe wanaliita lületaşı, jiwe la bori, jina lisilo na ushairi mwingi lakini linajua kazi yake. Afrika Mashariki nayo ina mershamu yake karibu na Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na katika karne ya 20 kampuni moja ya Arusha, Tanganyika Meerschaum Corporation, ilitengeneza viko vya jiwe hilo vikauzwa ng'ambo kwa chapa ya Kiko. Mvutaji wa London alikuwa na neno la Kiswahili mfukoni, pengine bila kujua maana yake.

Donge nililoweka majini tangu jana limelainika kama jibini. Kisu kinapita bila sauti. Baada ya wiki za braya na shaba nilijikuta nalegeza mabega. Hiyo ndiyo hatari: jiwe halikatai, kwa hiyo unaendelea kuchonga. Waturuki huchonga vichwa vya masultani wenye ndevu, makucha ya tai yakishika yai, maua juu ya maua. Kwa nini? Kwa sababu jiwe linaruhusu, na kwa sababu mershamu haihitaji msaada wa umbo ili kupoza moshi. Vijitundu vyake visivyoonekana vinafyonza unyevu vyenyewe. Fundi amepewa uhuru wote na jiwe. Mimi nimechonga umbo laini lisilo na pambo, kuta zenye unene wa milimita 8, na nimeacha juu ya bori mistari ya kisu jinsi ilivyo.

Lilikauka siku tatu karibu na joto. Halafu nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nikalichovya taratibu. Jiwe likainywa nta kama mwenye kiu, weupe wa chokaa ukageuka weupe wa jino. Likitumika, joto litaivuta nta na lami kuelekea juu na jiwe litaanza kuwa na rangi ya asali, kisha ya kahawia, kuanzia shingoni. Langu halitabadilika, kwa kuwa halitawashwa. Nimekubali.

Uchongaji huu umeacha vipande vingi. Nimevihifadhi ndani ya kitambaa chenye maji.

Wiki ya 8

Kiko cha jiwe jekundu hakitatengenezwa.

Nilikuwa nimeshakichora: bori yenye umbo la T iliyopinduliwa, shina refu la mbao. Jiwe lenyewe, katliniti, linachimbwa Pipestone, jimbo la Minnesota, chini ya tabaka la mwamba mgumu wa kwatzaiti unaovunjwa kwa nyundo na kabari, kwa mkono. Mahali hapo palifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1937, na haki ya kuchimba ni ya watu walioandikishwa katika mataifa ya asili yanayotambuliwa na serikali ya Marekani. Kwa mataifa mengi ya huko kiko hicho ni chombo cha sala. Bori na shina huwekwa mbalimbali, huunganishwa pale tu ibada inapoanza.

Nilifikiria kutumia jiwe jingine jekundu na kuliita mfano. Lakini mfano wa nini? Kwenye vile vingine naweza kuuliza kwa nini tundu ni jembamba, kwa nini bori ni ndogo, na jibu likanifundisha kazi. Hapa jibu la kwa nini si la ufundi, na si langu. Nimekata kurasa mbili nikazikunja.

Kwa hiyo nina nafasi moja wazi.

Wiki ya 9

Kibuyu, na vile vipande vya mershamu kwenye kitambaa vimepata kazi.

Viko vya kibuyu vya Afrika Kusini vinaanzia shambani. Mung'unye unapokuwa bado kwenye mtambaa, shingo yake huelekezwa pole pole ikue ikiwa imepinda. Fundi wa kwanza wa kiko hicho ni mkulima, na kazi yake inachukua msimu mzima. Mimi sina msimu. Nimepata kibuyu kikavu kilichojipinda chenyewe, si vizuri sana, kama mtu aliyegeuka kuangalia nyuma akakatizwa.

Uzuri wake uko ndani. Kikombe cha mershamu hukaa kwenye mdomo wa kibuyu bila kugusa chini, na chini yake hubaki chumba kitupu. Moshi unatoka kwenye tundu la kikombe, unatanuka ghafla ndani ya chumba, unapoa, unaangusha unyevu wake, ndipo unaingia kwenye shilamu. Hakuna kiko kingine kati ya hivi chenye nafasi kubwa namna hiyo. Nimekereza kikombe kutoka kipande kikubwa kilichobaki, kipenyo milimita 46 juu, na pete ya koki, lile gome laini la vizibo vya chupa, katikati ya kikombe na kibuyu ili kishike bila gundi na kitoke kwa kusafishwa. Mershamu kwenye mashine ya kukereza ni raha na balaa: inatoa nyuzi ndefu nyeupe kama nazi inayokunwa, halafu ghafla inameguka ukingo. Kikombe cha pili ndicho kilichofaa.

Kiungo cha kubadilisha, tena. Naanza kuona undugu kati ya kibuyu na kiseru ambao sura zao hazionyeshi hata kidogo.

Wiki ya 10

Nafasi wazi imejazwa na kile ambacho lugha ilikuwa ikiniambia tangu siku ya kwanza. Bori, digali, shilamu: nimeyatumia majina haya wiki tisa kwa vitu ambavyo hayakuundiwa. Kiko cha maji ndicho mwenyewe.

Kifuu cha nazi nimekisugua hadi kikawa cheusi cha kung'aa. Nazi ina macho matatu na moja ni laini. Digali nimeipitisha hapo, nikapanua kwa tupa ya duara hadi milimita 14. Tundu la pili nimetoboa ubavuni, juu kidogo. Kanuni ni moja: ncha ya digali izame majini, ncha ya shilamu isiyaguse. Bori sikuifinyanga. Nimeenda kwenye sanduku la makosa nikachukua ile bori ya wiki ya nne iliyokatika shina, nikasawazisha mkato kwa msasa, ikakaa juu ya digali kana kwamba ilikuwa ikingoja.

Jaribio la kwanza limenipa maji mdomoni. Niliyajaza mno. La pili halikutoa kitu, hewa ilikuwa ikiingia pembeni mwa digali. Nimezungushia uzi wa pamba, nikamimina nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu mgumu wa mti ili isilainike upesi.

Nirudie, kwa atakayesoma: maji yanapoza moshi, hayaondoi sumu yake.

Wiki ya 11, Jumamosi

Maji hadi theluthi moja ya kifuu. Digali imezama sentimita mbili. Hakuna tumbaku, hakuna moto. Nimevuta.

Sauti hiyo Kiswahili kinaiita malio ya kiko. Nililijua neno kutoka kamusi tu. Imelia chini, nzito, ikafuatiwa na nyingine nyembamba, nikaacha, ikanyamaza kwa tone moja. Nikavuta tena kwa muda mrefu zaidi, hadi kutoka chumba cha pili nikaulizwa kama nimeacha sufuria jikoni.

Yaliyobaki: shilamu ipunguzwe sentimita tatu, kifuu kiwekewe kitako kisigaragare, na kile kipande cha kwanza cha braya, chenye tundu lililopotoka, nikipime tena. Milimita tano chini yake pana mbao ya kutosha kutoboa upya kwa pembe nyingine.